Kidole cha Kuazima

Severa alikuwa ameizima na kuiwasha simu mpaka kitufe chake kikaanza kulegea. Kila ilipowaka, pale juu panapokaa vijiti vya mtandao palikuwa na maneno yale yale: simu za dharura tu.

"Itakuwa mnara," alisema mama mkwe wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ungo wa korosho mapajani. "Juzijuzi si ulikatika mji mzima?"

"Simu ya mama mwenye nyumba inashika, mama. Na laini yake ni ya kampuni hii hii."

Mama Tarsis aliacha kupepeta, akaitazama ile simu mkononi mwa mkwewe kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala kupita kiasi.

Nyumba yao ilikuwa moja ya zile nyumba za zamani za Kariakoo zilizobaki zimebanwa na maghorofa, jua likiingia uani saa za mchana tu. Chumba kimoja, mlango wa pili kutoka chooni. Hapo waliishi Severa na mumewe Tarsis, utingo wa lori la masafa, na mama yake Tarsis aliyekuja kutoka Masasi kuuguza macho. Sasa Tarsis hakuwepo, na jambo lililowafanya wale wanawake wawili wasile vizuri lilikuwa ndani ya hiyo simu.

Jumapili ilikuwa imelia. Namba ngeni. Severa alipoipokea alisikia pumzi kwanza, kisha sauti ya mumewe, chini kabisa, kama anaongea ndani ya debe.

"Severa, sikiliza, usiongee. Tuko Tunduma. Dereva kakimbia na mzigo. Wenye mzigo wamenishika mimi, wamenifungia ghalani. Simu yangu wameichukua. Namba niliyonayo kichwani ni yako peke yake. Watakupigia wao, wahakikishe mimi mtu mwenye kwao. Wasipokupata watasema nimewadanganya. Usizime simu, mke wangu. Na usiende kituoni, wamesema wakiona askari sitaonekana tena. Nimewaambia wewe ni..."

Hapo ikakatika. Alijaribu kuirudia ile namba, haikupatikana. Alikwenda mtaa wa Gerezani kwa tajiri wa lori, tajiri akaongea naye mlango ukiwa nusu wazi. "Hata mimi namtafuta dereva wangu," akasema. "Na huyo mumeo nikimtia mkononi atanieleza walichopanga." Severa akarudi nyumbani. Tangu hapo alikuwa analala na simu kifuani, anaoga simu ikiwa juu ya ukuta wa bafu, anauza korosho simu ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Na sasa simu imekufa huku ikiwa hai.

Mama mwenye nyumba alimwazima ya kwake apige huduma kwa wateja. Sauti ya mwanamke ikamkaribisha kwa furaha, ikamwambia simu yake ni muhimu kwao, abonyeze moja, abonyeze tatu, asubiri. Ukapigwa muziki. Muziki ukaisha, ukaanza upya. Mama mwenye nyumba alishamaliza kufua, anakuja kudai simu yake, ndipo mtu akapokea.

"Nenda kwenye duka letu lililo karibu nawe," huyo mtu akasema, akakata.

*

Duka la kampuni lilikuwa na baridi ya kiyoyozi na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja. Severa alichukua karatasi ya namba, akakaa. Pembeni yake mzee mmoja mwenye kofia alikuwa akilalamika peke yake kwamba bando lake linaliwa na panya. Watu walicheka. Severa hakucheka, kila simu ilipolia mle ndani moyo wake ulikuwa unaruka kwenda kuipokea.

Zamu yake ilipofika alimkuta dirishani kijana nadhifu, jina lake limebandikwa kifuani: Elibariki.

"Karibu, dada. Shida nini?"

"Laini imekata, kaka. Tangu asubuhi."

"Taja namba." Akaandika. Akatazama kioo chake. "Weka kidole."

Severa akaweka. Kile kimashine kikawaka taa nyekundu.

"Futa, weka tena."

Nyekundu.

"Weka cha pili. Kandamiza. Sio hivyo, kilaze." Elibariki akainama, akaushika ule mkono, akaugeuza. "Hivi vidole umevifanyaje?"

Vidole vya Severa vilikuwa laini nchani kama mgongo wa kijiko. Tangu akiwa mtoto mkoani alikuwa anabangua korosho, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, yakaimenya, ikaota nyingine, yakaimenya tena. "Ni kazi tu, kaka," akasema, akauficha mkono chini ya meza.

"Kanawe na sabuni dada'angu, wenzio tunasubiri," akasema mwanamke mmoja nyuma yake.

"Si uchafu," Severa akasema, lakini sauti haikutoka yote.

"Ngoja," akasema Elibariki. Sasa alikuwa anakisoma kioo kwa makini. "Hata kingesoma, hapa jina si lako. Wewe unaitwa nani?"

Severa akataja. Elibariki akatikisa kichwa.

"Mwenye laini mwingine. Na mwenye laini ndiye aliyeifunga. Jana amehakiki laini zilizo kwa jina lake, hii akaikana. Amesema haitambui."

"Ameikana?"

"Ameikana. Sasa atakayeifungua ni yeye, na kidole chake. Akichelewa, namba itarudishwa kwenye mzunguko, anapewa mteja mwingine." Alisema hivyo kama anayetaja bei ya sukari. Kisha akapunguza sauti. "Na dada, unajua kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu ni kosa? Sheria ipo."

Mlinzi wa mlangoni aligeuza shingo. Pengine alikuwa anatazama saa ya ukutani. Severa hakungoja kujua. Aliokota simu yake, akatoka, akavuka barabara bila kutazama, pikipiki ikampigia honi na dereva wake akamtukana mpaka akatokomea. Alichokuwa anaona yeye ni Tarsis ghalani, watu wanampigia mkewe, na mtu asiyemjua, labda mwanafunzi wa Ubungo, labda baba mtu mzima, anapokea na kusema: Tarsis? Simjui huyo.

*

Mwenye kidole alikuwa Sitara, mpangaji wa chumba cha mbele, fundi hina. Mzaramo wa hapahapa mjini, mdomo hauna pazia, na yeye na Severa walikuwa wakiitana watani tangu siku ya kwanza.

Siku ile ya kusajili walikwenda wote, Severa na Tarsis na Sitara, kwa wakala mwenye mwavuli Mtaa wa Msimbazi. Mashine ikakataa vidole vya Severa, ikakataa, ikakataa. Tarsis alikuwa na safari jioni na laini zake yeye zilikuwa tayari zimefika idadi anayoruhusiwa mtu mmoja. Sitara akachoka kusimama juani. "Sogea huko," akasema, akaweka chake, taa ikawa kijani. "Nakuazima tu, mtani. Ukifa nacho nakufuata kaburini." Na Tarsis akacheka mpaka akashika kiuno: "Basi kuanzia leo nina wake wawili!"

Tangu hapo wateja wa korosho wakilipa kwa simu walikuwa wanashangaa. "Mbona linakuja jina la Sitara?" Severa anawajibu, "Lipa tu, ni mimi huyo huyo." Ilishakuwa mazoea, hakuna aliyeikumbuka tena kama kitu cha kuogopa.

Sasa alimkuta Sitara uani anakoroga hina kwenye bakuli. Mama Tarsis alikuwa palepale kwenye kigoda, uso ameuelekeza mlango wa nje.

"Sitara, jana ulihakiki laini?"

"Ee, nimehakiki, nimesafisha." Sitara hakuinua macho. "Jina langu lilikuwa limebeba namba nisizozijua. Nimezikana zote. Mimi yaliyompata kaka yangu Mudi sitaki yanipate."

"Mojawapo ilikuwa yangu."

Mwiko ukasimama. "Yako ipi?"

"Hii. Uliyonisajilia."

"Yako naijua mimi? Kwenye simu nimekuandika Severa Korosho. Nikikupigia nabonyeza Korosho. Namba nani anaishika siku hizi?" Kisha akaelewa, akauweka mkono kifuani, hina na yote. "Mungu wangu. Tarsis."

"Twende ukaifungue. Wanafunga jioni. Twende sasa hivi."

Sitara akaanza kuikoroga hina upya.

"Severa, nimesema si yangu. Wameandika kule. Leo nirudi niseme ni yangu? Si nitaonekana ndio mwizi wenyewe?"

"Utasema ulikosea."

"Mudi naye alisema amekosea! Laini jina lake, imetumika kumtapeli mtu asiyemjua, wakaja kumbeba hapo mlangoni na kaptula." Sauti yake ilianza kupanda, akaishusha mwenyewe, akitazama madirisha ya ghorofa yaliyowainamia. "Na hao waliomshika mumeo ni watu gani? Unawajua? Wakimfanya kitu, kitakachotafutwa ni namba ya mwisho waliyoipiga. Jina litakalotoka ni langu. Mimi nina mtoto, mtani. Nakupenda, lakini naogopa."

"Hata mimi naogopa."

"Basi tuogope wote. Ila mimi siendi."

Severa hakupiga kelele. Hakuwa wa hivyo tangu utotoni. Alikaa chini kwenye saruji, karibu na lile bakuli la hina, akasema polepole:

"Mudi alipochukuliwa, kabla hamjajua yuko kituo gani, mama yenu alikuwa anafanya nini?"

Sitara akautazama mwiko.

"Nakuuliza tu. Mimi nilikuwa sijahamia hapa."

"Alikuwa anakaa," Sitara akasema. "Kwenye kigoda. Anatazama mlango."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Mama Tarsis. Haikuhitajika. Yule mama alikuwa na ungo mtupu mapajani na bado anaupepeta.

Sitara akainuka, akaenda bombani akanawa. Aliporudi alikuwa ameshavaa baibui na kuufunga uso, yamebaki macho. "Wasinijue," akasema. "Na huko ndani usiniite jina."

*

Elibariki aliwaona wanaingia wote wawili, akanyoosha kidole kwa Severa. "Wewe kaa kule. Dirishani mmoja mmoja."

Severa akakaa mwisho wa viti. Alikuwa anasikia nusu tu, iliyobaki anaisoma kwenye mabega ya Sitara.

"Jana umesema huitambui namba hii. Leo unaitambua?"

"Nilikosea, kaka. Nilikuwa na homa."

"Funua uso, mama." Akautazama uso, akatazama kioo. "Weka kidole."

Nyekundu.

Severa alishika kiti kwa mikono miwili.

"Na wewe tena vidole vimefanya nini?"

"Hina hiyo. Mimi fundi, nijipambe na nini, chokaa?" Sitara akakisugua kidole kwenye baibui, akakipulizia, akakirudisha. Taa ikasita. Ikawa kijani.

"Haya. Kwa usalama wako, namba ya mwisho kukupigia ni ya wapi?"

Mabega ya Sitara yakapanda. "Tunduma," akasema.

"Nani aliyekupigia?"

"Mume wangu."

"Anaitwa?"

"Tarsis."

Elibariki akaacha kuandika. Akatazama jina la Sitara, jina la baba yake, jina la babu yake. Akatazama baibui. "Mume wako. Tarsis."

"Kwani wewe ndiye shehe uliyetufungisha?" Sitara akasema, na watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Elibariki mwenyewe akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akagonga vitufe. "Laini itarudi, lakini si sasa hivi. Mtandao ukijisikia."

Nje, Sitara alishika nguzo ya duka la vitambaa akatapika mate matupu. Severa alimfuta mdomo na pindo la kanga.

*

Kesho yake vijiti vya mtandao vilirudi alasiri, vyote kwa mkupuo, kama ndege waliotua kwenye waya. Severa alikuwa anaikodolea simu macho. Hakuna ujumbe ulioingia. Hakuna kilichosema nani alipiga wakati laini imefungwa. Mama mwenye nyumba aliwahi kuijaribu namba ya Severa kutoka simu yake, na alichoambiwa Severa hakuweza kukisahau: namba unayopiga haitumiki. Ni hayo maneno waliyoyasikia wale watu. Na baada ya kuyasikia, walimgeukia Tarsis.

Walikaa kwenye mkeka, Severa, Sitara na Mama Tarsis, simu katikati yao. Uani watoto wa jirani walikuwa wanacheza, mama yao akawafukuza bila kuombwa. Korosho zilibaki mbichi kwenye gunia. Mtu alikuja kununua, akatazama, akaondoka.

Ilipolia, wote watatu walishtuka kama wamepigwa.

Severa akaipokea, akaweka sauti ya nje.

"Halo?"

"Halo." Sauti nzito ya mwanaume, haina haraka. "Namba hii tumeipiga jana tukaambiwa haipo. Leo ipo. Mnatuchezea?"

"Hapana, kaka. Laini ilikuwa na matatizo. Kampuni..."

"Sitaki habari za kampuni. Naongea na nani?"

Severa alifungua mdomo. Jina lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Maana tulipotaka kukutumia hela ya kujaribu," ile sauti ikaendelea, "jina lililokuja ni moja. Na huyu hapa ametutajia jina la mkewe. Nataka nisikie yanalingana. Akiwa muongo katika hili, ni muongo katika yote. Unaitwa nani?"

Nimewaambia wewe ni. Severa aliisikia ile sauti ya Jumapili ikiendelea pale ilipokatika. Tarsis alijua. Alijua jina gani litatokea. Lakini je, alilikumbuka ghalani, gizani, chini ya vitisho? Au alilitaja lile alilozoea kuliita? Jina moja lingemwokoa na jingine lingemmaliza, na yeye hakuwa na uhakika ni lipi.

Mkono wenye hina ukaichukua simu.

"Naitwa Sitara," akasema Sitara. "Huyo aliyepokea ni wifi yangu. Mimi ndiye mke wa Tarsis. Mume wangu yuko wapi?"

Mlango wa bati ulisikika ukiburutwa. Mama Tarsis alikuwa amefumba macho na midomo inacheza.

"Ongea," ile sauti ikamwambia mtu.

"Sitara." Ilikuwa sauti ya Tarsis, imekauka, polepole, kama anayetembea juu ya miiba. "Sitara mke wangu. Hujambo? Korosho umekaanga leo?"

Sitara hajawahi kukaanga korosho maishani mwake. Akaisogeza simu mdomoni kwa Severa.

"Bado," Severa akasema. "Nakusubiri wewe."

Walisikia pumzi tu, ndefu, inayotoka kwa vipande. Kisha ile sauti nzito ikarudi.

"Haya. Jina limelingana. Sisi si wauaji, tunataka mtu wa kumdhamini, aseme kwao ni wapi na atapatikana wapi dereva akikamatwa. Aje mkewe. Sitara mwenyewe, na kitambulisho chake, tuone sura na jina. Akija mwingine, awe mama yake awe nani, hatumjui. Akifika stendi apige namba hii." Akakata.

Severa hakuthubutu kumtazama Sitara usoni, alitazama mikono yake. Alitaka kusema usiende, na akaogopa kwamba Sitara angemsikiliza.

"Mtani," Sitara akasema. "Mimi nilikuazima kidole."

"Najua."

"Kidole. Sikukuazima mwili mzima."

"Najua, Sitara."

Mama Tarsis alisogea kwenye mkeka, akapapasa kwa sababu ya macho yake mabovu mpaka akaupata mkono wa Sitara, akaushika tu. Hakuomba. Sitara akautazama ule mkono wa kizee, nao umelainika nchani kama wa Severa, hauna alama hata moja ambayo mashine yoyote ingeikubali. Akavuta kamasi. Akajifuta kwa mgongo wa mkono uliobaki huru.

"Mtoto wangu atakaa na bibi hapa," akasema. "Na wewe Severa utakwenda na mimi, utakuwa huyo huyo wifi, usijitie kimbelembele ukamkumbatia mume wangu mbele za watu." Akainuka, akasimama katikati ya uani kama mtu aliyesahau chumba chake kiko wapi.

"Huko Tunduma," akauliza, "kuna baridi?"